Marehemu wa Majaribio

Jumatatu, 9 Machi

“Papa Janvier, uchague kwanza chombo cha majaribio, kisha utafute chombo cha data za mfano chenye kupatana nacho.” Ndivyo alivyoniambia Modeste leo mbele ya watu, kijana wa miaka ishirini na sita. Kupatana! Goma yote imejengwa juu ya lava. Nani aliwahi kuuliza kama nyumba inapatana na lava? Unajenga, basi.

Jambo lenyewe: wamama wauza samaki wa soko la Kituku wanataka tovuti. Mwenzao akipata kilio au harusi, mesaji iende kwenye simu za wote mia mbili. Jumamosi kamati yao itachagua: kazi yangu au ya Modeste. Nina miaka hamsini na mmoja. Nimesoma vitabu ambavyo yeye hajaona hata majalada yake. Sishindwi.

Jumanne, 10

Nimechagua. Chombo cha majaribio, yaani programu ya kupimia tovuti: toleo jipya kabisa, la mwezi huu. Chombo cha data: toleo la miaka sita iliyopita. Nalipenda, maelezo yake yako kwa Kifaransa safi. Mashini imetoa maonyo kumi na manne, yote mekundu. Nimeyafunga. Kelele!

Modeste amechungulia dirishani. Ameuliza kama matoleo hayo mawili yanajuana. Nimemjibu yatajuana kazini, kama makarani wote.

Jumatano, 11

Data za mfano ni watu wa uongo. Unawaingiza kwenye tovuti uone kama inafanya kazi, kabla ya kuwapokea watu wa kweli. Modeste anawaita Mtu wa Kwanza, Mtu wa Pili. Uvivu! Data lazima iwe na damu. Nimeandika: Modeste, mwana wa Mama Bulonza, amefariki ghafla. Kilio kiko nyumbani kwao, Kituku. Sababu ya kifo: kiburi.

Nimecheka peke yangu hadi mke wangu akauliza kama nina homa.

Alhamisi, 12

Msiba. Yaani hakuna msiba, na hiyo ndiyo shida.

Asubuhi saa moja nilibonyeza kitufe cha kuanza majaribio. Chombo kipya kilitangaza: tuko kwenye mazoezi, mesaji zisitoke. Kile cha zamani hakijui lugha hiyo. Kilimwingiza marehemu wangu kwenye orodha ya kweli, na mesaji mia mbili zikatoka. Saa mbili viti vilikuwa vinafika kwa chukudu, zile baiskeli za mbao. Turubai. Samaki wadogo wa sambaza, mabeseni mawili. Mama Bulonza aliisoma mesaji huku akimpakulia mwanawe maharage. Alimtazama. Akamuuliza kama kuna kitu anamficha.

Nilipofika, Modeste alikuwa mlangoni, kijiko mkononi, akiwashukuru watu. Mama mmoja alimkemea: marehemu hapokei wageni, mwenye adabu angelala.

Jumamosi, 14

Nimejitetea mbele ya kamati. Mesaji mia mbili kwa dakika moja! Tovuti gani nyingine ya Goma imejaza uwanja kabla ya chai? Mama Mukamugema, mkubwa wa kamati, alisikiliza mikono kiunoni. Kisha: “Muzee, weye uliua mutoto wa mwenzetu juu ya kujaribu mashini?” Nikasema kwamba, kisayansi, hajafa. Akauliza hiyo “kiburi” ilitoka kwenye chombo gani, kipya ama cha zamani. Wamama wakacheka hadi vitenge vikalegea.

Kazi wamempa Modeste. Mimi nimkabidhi funguo za orodha, yaani maneno ya siri, kesho mchana. Mtoto amenishika mkono, ameniambia pole, papa. Pole! Nani amekufa?

Jumapili, 15

Nimetafakari misa nzima. Kosa nimelipata: ni kilio. Habari ya huzuni, watu wanakasirika. Vyombo vyangu havina hatia na sibadili hata kimoja. Mchana umepita, funguo sijazikabidhi. Nimeandika data mpya, za furaha: Modeste anamuoa Alliance, binti wa Mama Mukamugema, Jumamosi ijayo. Wote mnakaribishwa. Kinywaji kipo. Nani atakasirikia harusi?

Barua kwa kamati, inaondoka usiku huu: Mama Mukamugema, na nyinyi wanakamati wenzake saba, mliopiga kura mkicheka: futeni uamuzi wa jana, mnirudishie tovuti yangu. Nawapa hadi kesho saa moja asubuhi. Saa hiyo nabonyeza.