Mlango wa Waridi Kali

Jumatatu, 4 Machi
Viti vyangu vya kunyolea vimeshinda vitupu. Ng'ambo ya barabara, kwa kinyozi mwenzangu, yule wanayemwita Mikono Laini, watu wamejaa hadi kibarazani. Nimewaza, nimepata jawabu. Rangi! Duka langu la kijivu; nani avutwe na majivu? Muuza rangi amenipa waridi iliyokolea hadi kukaribia wekundu, kama ulimi wa mtoto aliyemumunya peremende. Anasema hata aliyefumba macho ataiona.

Jumanne, 5 Machi
Nimepaka mlango na ukuta wote wa mbele. Mke wangu ametazama, akauliza nani kanishauri. Nikasema akili yangu. Akasema alidhani hivyo. Mama mkwe naye kaja kunipongeza, akaegemea ukuta. Nikapiga kelele, "Mama, bado mbi—" Nimechelewa! Gauni jeupe! Nikamliwaza kwamba sasa ananitangaza bure. Hakucheka.

Jumatano, 6 Machi
Mteja! Nikapangusa kiti, nikakung'uta shuka. Akauliza kwa Mikono Laini ni wapi. Kaambiwa akiona mlango wa waridi, ageuke nyuma. Akaja mwingine, swali lilelile. Hata madereva wa teksi wanaelekeza hivyo. Nimewaonyesha ng'ambo kwa adabu. Meno nimeyauma.

Alhamisi, 7 Machi
Mke wangu kanikalisha chini. Nipake nyeupe, nikamwombe mama yake radhi, kisha nijifunze kunyoa kisogo bila kuacha ngazi. Chema chajiuza, akasema, kibaya chajitembeza. Basi na tutembee! Kisogo? Kuna mtu anayejiona kisogo?
Radhi nimeomba. Mama mkwe amenisamehe, ila kaongea nami akiwa amesimama mbali na kila ukuta.

Ijumaa, 8 Machi
Makubwa! Mikono Laini kavuka barabara mwenyewe, soda baridi mkononi. Shikamoo, kaka. Akasema siku hizi hapati hata nafasi ya kukaa, watu wanamfikia bila kupotea. Akanisihi, tafadhali, nisiubadilishe mlango.
Kunisihi! Nikamtazama machoni. Hofu tupu.
Mke wangu anashikilia kwamba kijana wa watu alikuja kushukuru. Maskini, vita vya biashara havijui. Soda nimeinywa taratibu, kama mshindi. Kesho napanda juu na kopo jipya la rangi ileile. Paa lote!