Besi Yangu na Kile Kisponji

Leo nimeaibika mbele ya kwaya nzima, mbele ya mchungaji, na mbele ya mgeni kutoka Dodoma. Naandika nikiwa chumbani, mlango nimeufunga. Mama ananiita nikale. Sitoki.

Kwa wasionijua: mimi ndiye yule dada anayepiga gitaa la besi kwenye kwaya yetu hapa Utemini, Singida. Ndiyo, dada. (Wageni huwa wanadhani nimemshikia mtu.)

Sasa, besi yangu ilikuwa na tatizo. Ukigusa uzi unalia "tweeeng", halafu hauna mpango wa kunyamaza. Mimi nataka ile sauti ya gunia la alizeti likishushwa kwenye lori. "Pum." Basi. Nzito, fupi, unaisikia tumboni.

Sauti hiyo nimeitafuta tangu masika. Nikabadilisha nyuzi zote. "Tweeeng." Nikaagiza pikapu mpya kutoka Dar. (Si gari jamani, ni kile kidude kinachokaa chini ya nyuzi na kunasa sauti. Nafafanua kwa sababu mama aliwatangazia majirani kwamba bintiye ameagiza pikapu, na mpaka leo kuna mzee ananiuliza lini nitambebea vitunguu vyake.) Pikapu ikaja, fundi redio akaifunga, mimi nimemsimamia kichwani kama askari. Sauti ikanenepa kweli. Ila mkia ukabaki palepale: "puuum-eeeng".

Mwalimu Zakayo, mwalimu wetu wa kwaya, si mtu wa kuzungusha maneno. Wiki hii mazoezini aliniita pembeni.

"Nuru, Jumamosi tunarekodi. Besi ikiwa bado inalia kama sufuria, kinanda kitapiga besi. Wewe utasimama na soprano."

Mimi? Soprano? Nikiimba bafuni mama anauliza kama nimeteleza.

Nikaapa. Sauti ile nitaipata, iwe isiwe.

Leo nikawahi kanisani kabla ya wenzangu. Nikachomeka gitaa kwenye spika, nikapiga. "Puuum-eeeng", na ule mwangwi wa kanisa tupu ukaongezea lake. Nikampigia baba mdogo wangu aliyeko Itigi. Siku hizi anauza asali, lakini ujana wake wote aliumalizia kwenye bendi za dansi, akipiga besi.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Kuna msiba?"

"Hapana, ni besi."

Nikaweka simu karibu na spika, nikapiga kidogo. Akasikiliza, akaguna.

"Nyuzi zako zina maneno mengi. Tafuta kipande cha sponji, ukibane chini ya nyuzi, pale mwisho karibu na daraja, nyuzi zinapofungiwa. Kiwe laini. Ukubwa wa kiganja unatosha."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Sisi tulikuwa tunakata kwenye godoro la gesti."

(Wenye gesti, mtusamehe.)

Nikakata simu, mbio kutafuta sponji. Viti vya kanisa ni vya plastiki. Mabenchi ni mbao. Jikoni kwa akina mama nikakuta dodoki na ule waya wa kusugulia masufuria. Nikajaribu dodoki. Besi ikaanza kukwaruza kama kuku anachakura. Nikajaribu kitambaa cha kufutia meza. Sauti ikafa kabisa, ikazikwa. Nikatoka hadi duka la jirani. Limefungwa, mwenye duka kaenda kulima. Nikawaza kukimbilia nyumbani nikakate godoro langu mwenyewe, lakini niliporudi kuchukua simu, Mwalimu Zakayo alikuwa ameshafika na kusimama mlangoni.

"Hakuna kutoka. Fundi ameshafunga maiki."

Fundi mwenyewe ni kaka Rajabu, ndiye huyo mgeni kutoka Dodoma. Kijana mpole, ana hedifoni kubwa kama bakuli, amepanga maiki zake kila kona. Na kinanda kilikuwa kimeshawashwa. Mpiga kinanda akanitazama, akapiga noti mbili za chini kwa mkono wa kushoto. Akatabasamu. Nikamwona kabisa anakalia kiti changu.

Nikaingia chooni kutafakari.

Na humo ndani, ndugu zangu, ndipo wazo lilipokuja. Leo nimevaa sidiria ya zile zenye visponji vya kuchomoa. Wanawake wenzangu mnavijua. Wanaume, ulizeni nyumbani.

Nikaingiza mkono. Nikachomoa cha kushoto. Nikakiminya. Laini. Nikakipima. Kiganja! Baba mdogo angefurahi. (Hapana, asingefurahi. Nisimsingizie mzee wa watu.)

Mlango ukagongwa. "Nuru! Nuru we! Wanakusubiri wewe tu!" Alikuwa Mama Ester, mkubwa wetu wa alto, mama ambaye sauti yake haihitaji maiki.

"Nakuja mama!"

Nikatoka na kisponji nimekificha kwenye ngumi. Hapo ndipo nikakumbuka sare. Sare yetu ni gauni la satini ya bluu, na fundi wetu wa cherehani anaamini kubana ndiyo usafi. Nikajitazama. Kulia mlima, kushoto mbuga. Lakini nikajiambia, gitaa lenyewe nalivaa juu, karibu na kifua. Litafunika. Nani ataona?

Nikavaa gitaa haraka, nikawageuzia mgongo, nikakibana kile kisponji chini ya nyuzi. Mkanda nikaukaza zaidi ili gitaa lipande. Nikapiga uzi mmoja.

"Pum."

Jamani! Gunia la alizeti! Nusu nilie. Nikapiga tena. "Pum." Mwalimu Zakayo aligeuka taratibu, kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa kwenye redio. Mpiga kinanda akaondoa mkono wa kushoto.

Tukaanza wimbo wa kwanza. Siwezi kuwaeleza nilivyopiga. Miguu ya wazee ilikuwa inagonga sakafu bila ruhusa ya wenyewe. Mchungaji Yona, aliyekuja kutuombea akaamua kukaa mbele asikilize, alikuwa anatikisa kichwa kama anakubaliana na mtu. Tulipomaliza, Rajabu akavua hedifoni.

"Dada, hiyo besi umeifanya nini?"

"Kwani ina shida?"

"Shida? Nimezunguka kurekodi kwaya sehemu nyingi, sauti hii sijaipata. Hii ni ya watu wazima."

Kwaya ikapiga vigelegele. Mimi huyo, kichwa kikavimba. Nilipaswa kusema asante na kunyamaza. Badala yake nikasema, tena kwa maringo, "Ni utundu wangu tu."

"Hebu niletee nione."

"Aah, ni siri ya familia."

Wakacheka. Mimi pia nikacheka. Mwalimu Zakayo hakucheka.

"Nuru, mpe fundi gitaa aangalie. Na sisi tujifunze."

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nikavua mkanda. Nikampa. Halafu nikakunja mikono kifuani kama mtu anayesikia baridi, saa sita mchana, Singida, jua la kuanikia mihogo.

Rajabu akaliweka gitaa mapajani, akainamisha kichwa, akaingiza vidole viwili chini ya nyuzi na kukichomoa. Akakiinua juu kwenye mwanga wa dirisha.

Naomba mkipige picha kichwani. Kisponji cha mviringo, kimebonyea katikati, rangi ya maziwa, na pembeni kina kiua kidogo cha pinki. (Hicho kiua nakilaani.)

"Hii ndiyo sijawahi kuiona," akasema. "Ni ya kampuni gani?"

Nikakaza mikono kifuani.

"Mchungaji, hebu ona. Kitu kidogo hivi kimebadilisha besi nzima."

Akampa mchungaji. Sakafu yote ile ya kanisa, hata kipande kimoja hakikufunguka kunimeza. Mchungaji Yona akavaa miwani. Akakigeuza huku. Akakigeuza kule. Akakiminya kwa kidole, kikabonyea, kikarudi.

"Wenzetu wana akili," akasema. "Ona walivyokitengeneza, kimekaa kama kikombe. Nuru, hivi vinauzwa kimoja kimoja au kwa jozi?"

"Kwa... kwa jozi, mchungaji."

"Basi hicho kingine tungeweka kwenye gitaa la solo."

Kwenye safu ya soprano mtu akakohoa. Mwingine akajificha nyuma ya mwenzake, mabega yanacheza. Mama Ester, ambaye muda wote alikuwa amekikazia macho kile kisponji, akaniangalia mimi. Akashusha macho kifuani kwangu. Akarudi kwenye kisponji. Kisha akasema kwa Kinyaturu, kwa sauti yake ile isiyohitaji maiki, kile ambacho kila mwanamke mle ndani alikuwa ameshakijua.

Wanaojua Kinyaturu wakaanguka kwanza. Mpiga ngoma alikaa chini kabisa. Kisha wakawatafsiria wasiojua, likaja wimbi la pili. Mchungaji wetu ni mtu wa Iramba, Kinyaturu hakipandi, kwa hiyo akamwinamia Mwalimu Zakayo aambiwe. Nikamwona Mwalimu Zakayo akimnong'oneza. Nikaona uso wa mchungaji unavyobadilika, kuanzia paji hadi kidevu. Kile kisponji akakiweka kwenye benchi kama mtu aliyegundua ameshika kaa la moto. Akavua miwani. Akaifuta. Akafuta na mikono.

Rajabu maskini alikuwa bado hajaelewa. "Kwani ni nini?" Mtu akamwambia. Akavaa hedifoni zake haraka, akajifanya ana kazi. Kisha akazivua, sura imemwiva.

"Samahani, dada. Maiki zilikuwa zinarekodi."

Zilikuwa zinarekodi!

"Nitafuta," akasema. (Sidhani kama amefuta. Nilimwona anavyojiuma mdomo.)

Mwalimu Zakayo akapiga makofi kutaka utulivu. "Haya, jamani, muda unakwenda. Wimbo wa pili, kinanda kipige besi. Nuru, nenda kapumzike kidogo, mama."

Kinanda. Baada ya nyuzi mpya, baada ya pikapu, baada ya dodoki! Niliangalia mlango. Niliangalia benchi. Kile kisponji kilikuwa pale peke yake, watu wamekipisha kama nyoka.

Nikateremsha mikono yangu. Aliyekuwa hajaona, akaona. Nikatembea mbele ya kwaya yote, sauti ya viatu vyangu tu, nikamwambia "samahani, mchungaji", naye akatazama dari. Nikakichukua. Nikalifuata gitaa, nikalivaa, nikakibana kisponji mahali pake, nikakaza mkanda.

"Mwalimu," nikasema, "tupe sauti."

Mwalimu Zakayo alinitazama. Akatazama gitaa. Nadhani alitaka kusema neno, ila nilimpigia "pum" moja, akaliacha. Akainua mikono.

Tumerekodi nyimbo zote zilizobaki. Zote, na besi ni yangu. Kinanda kimepiga kinanda. Tulipomaliza, Mama Ester alikuja akanizungushia khanga yake mabegani, na mikono yake ilikuwa inatetemeka kwa kicheko, na khanga nayo ikatetemeka. Baba mdogo ameshapiga simu kuuliza kama nilipata sponji. Nimemwambia nilipata. Ameuliza nilikata wapi. Nimemwambia mtandao unasumbua.

Ndiyo hivyo, jamani. Kesho ibadani nitakaa mbele kama kawaida, na anayetaka kucheka acheke leo amalize. Mimi nimejifunza moja tu: ukichomoa kimoja, chomoa vyote viwili.