Minisitri Hapigi Magoti

Jumatatu, 3 Juni 2024
Nimepata kazi. Mama Vicky, mwenye gesti mupya ya hapa Nchelenge, ameachiwa farasi na muzungu mumoja aliyerudi kwao. Farasi kijana, ana nguvu, hana adabu hata kidogo. Jumamosi chifu anakuja kufungua gesti, na Mama Vicky anataka farasi amusalimie. Nikifaulu, ninabaki mutunza farasi, na chumba cha mabati kule nyuma ni changu. Mimi na mke wangu Cadette tuko chini ya turubai katika kambi ya wakimbizi tangu tuvuke ziwa. Nikishindwa, chumba ni cha Royd, mufyeka majani.
Nimemwambia Mama Vicky kwamba kule kwetu Pweto, ng'ambo ya ziwa, nilikuwa mutu wa protokole. Kupokea wakubwa ndiyo kazi yangu. Muzungu alimwita farasi Biskuti. Jina la aibu. Nimemupa jina Minisitri.

Jumanne
Nimemukaribia Minisitri. Naye amenikaribia. Nimemupisha, kwa heshima tu. Ameendelea kuja, nikaendelea kumupisha, mpaka nikakalia chisense za watu zilizoanikwa kwenye muchanga. Mwenye samaki amesema mengi kwa Kibemba. Bahati sikuelewa yote.
Royd anasema ukirudi nyuma, farasi anajua yeye ndiye mukubwa. Mufyeka majani huyo.

Jumatano
Bon, nimepata njia. Hapa watu wakimusalimia chifu wanapiga magoti na makofi. Farasi afanye vilevile. Lakini atajuaje bila kuonyeshwa? Nimepiga magoti mbele yake, nikapiga makofi. Ameniangalia sana. Halafu amepiga kwato chini. Nikarudia. Amepiga kwato tena. Anaelewa! Tumefanya mara arobaini. Magoti yangu yamechubuka.
Royd alipita na ndoo ya maji, akauliza nani anamufundisha nani. Wivu.

Alhamisi
Maendeleo makubwa. Minisitri akipiga kwato, mimi ninapiga magoti, naye anatulia kabisa na kula mihogo mufukoni mwangu. Tunaelewana.
Cadette amekuja kuona. Amesema farasi huyu amepata mufanyakazi muzuri. Anapenda mzaha. Lakini ameanza kufunga vyombo vyetu, na leo aliimba njia yote ya kurudi. Siku nyingi sijamusikia akiimba.

Ijumaa
Minisitri alimujia Royd kwa kifua. Royd hakusogea, aliinua mukono tu. Farasi akarudi nyuma, akainamisha kichwa. Nimemushitaki Royd kwa Mama Vicky: anamutisha munyama. Nimepiga pasi koti. Kravati ya shingoni ninayo.

Jumamosi, 8 Juni
Niandike haraka niondoe aibu. Chifu amefika. Watu wote magoti chini, makofi. Mimi nilikuwa bado nimesimama na kamba mukononi, nikamwambia Minisitri asalimie. Akapiga kwato.
Magoti yangu hayakuniuliza. Nilijikuta chini mbele ya farasi, ninapiga makofi, mugongo wangu kwa chifu.
Chifu akauliza kwa upole kama mimi ni raia wa farasi. Ndipo Royd akaja, akachukua kamba, akasimama wima. Minisitri akarudi hatua mbili, akainamisha kichwa mbele ya chifu. Watu wakashangilia. Ufunguo wa chumba amepewa Royd.
Cadette alikuwa amesimama kwenye geti, masufuria kichwani. Aligeuka tu, akarudi kambini. Hilo limeniuma kuliko magoti.

Jumapili
Nimefikiri kosa liko wapi, na nimelipata. Farasi ni munyama mwenye kiburi, hafundishiki. Mama Vicky ana huruma: amenipa batamzinga dume anayefukuza wageni. Akipata adabu, kuna stoo tunayoweza kulala. Nimemutumia Cadette habari asifungue vyombo.
Nimemupa batamzinga jina Jenerali. Asubuhi alinijia mbio. Nikamupisha, kwa heshima tu. Kisha nikapiga magoti mara ishirini ili aone inavyofanyika. Akavimbisha kifua, akanizunguka polepole. Huyu ana akili.