Kutu ya Kikaango cha Mama

Jumamosi, 9 Novemba 2024

Leo nimekitoa kikaango cha marehemu mama chini ya kitanda. Kizito, chuma kitupu, kutu imekivaa mpaka kwenye mkono. Ijumaa ijayo ni arobaini yake. Ukoo mzima utakuja hapa Gongoni kwa dua, na mdogo wangu Mwanajuma ameshapewa kazi ya chapati, kana kwamba mama alizaa mtoto mmoja. Watu hawana jingine la kusema: Mwanajuma ana mkono wa mama. Mkono! Siri ilikuwa kikaango, na kikaango ninacho mimi.

Mpango: nakisugua kimyakimya. Ijumaa nakibandika jikoni mbele ya kina mama wote. Wanakula, wanalia. Mwanajuma anabaki na kikaango chake cha bati, cha sokoni.

(Kutu ilivyoingia ni habari ndefu. Mwaka juzi nilikiazima kwa mama, nikaange karanga za biashara. Biashara haikusimama. Kikaango kikabaki uani masika mazima. Mama hakuwahi kukiulizia, kwa hiyo hakikumuuma.)

Jumapili, 10 Novemba

Jivu na limau tangu asubuhi. Kutu imehamia kwenye kanzu. Shangazi Zuwena akapita, nikamwamkia shikamoo huku nimekikalia. Akaitika marahaba, akauliza nimekalia nini. Nikasema kigoda. Akauliza tangu lini kigoda kikawa na mkono. Ikabidi nimwonyeshe, ila nikaongeza kwamba kitu hiki kililetwa na wapagazi wa misafara kutoka pwani, kabla ya reli. Akasema kilinunuliwa dukani kwa Mhindi, yeye alikuwepo, na mama alikibeba mwenyewe kichwani. Wazee husahau sana.

Jumanne, 12 Novemba

Msasa. Stilwaya. Mafuta ya taa. Kutu imetoka, lakini chapati ya majaribio imenata, imebanduka vipandevipande, na ilinuka kama kibatari. Mwanajuma akachungulia mlangoni, akauliza kama nahitaji msaada. Dharau ya wazi!

Nimempelekea Spesioza, mpangaji wetu wa chumba cha nyuma. Mama mpole, Mkatoliki, mtu wa Ulyankulu, wazazi wake walitoka Burundi. Anakaanga nyama kwenye kibanda fulani njia ya Kipalapala, na vikaango vyake ni vyeusi vinang'aa. Akasema chuma kikishatoka kutu hupakwa mafuta, kikachomwa, kikapakwa tena mpaka kishibe. Akauliza nataka kukaangia nini. Nikaona ananichimba ili habari zimfikie Mwanajuma. Nikamwambia asiniulize maswali, apake tu mafuta anayoyaamini.

Alhamisi, 14 Novemba

Kimerudi! Cheusi, kinateleza. Nimekaanga chapati tatu, mlango nimeufunga. Hakuna hata moja iliyonata. Nimekula zote. Tangu mama aache kupika sijaonja chapati tamu namna hii. Nililia kidogo. Moshi nao ulichangia.

Ijumaa, 15 Novemba

Sina hamu ya kuandika. Naandika.

Baada ya swala uani palijaa. Nikamsogeza Mwanajuma na bati lake, nikabandika kikaango. Kina mama wakakitambua, wakasogea. Shangazi Zuwena akajifuta macho kwa pindo la kanga. Kwa dakika tatu nami nilikuwa mtoto wa mama yangu. Ndiyo kwanza naigeuza chapati ya mwanzo, akaingia Spesioza na mfuko wa sukari wa kutupa pole. Akaona kikaango. Akaiweka sukari chini.

"Kaka Nassibu, wasile," akasema. "Mimi nilidhani ni cha nyama. Nimekipaka mafuta ya nguruwe."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Spesioza akalia akiomba radhi, na kina mama wakambembeleza yeye. Mimi hakuna aliyenibembeleza. Shangazi akauliza kama nilikuwa nimeonja kabla. Nikasema hapana.

(Tatu!)

Mwanajuma akakaanga chapati zote kwenye bati. Nasikia zilikuwa nzuri. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nasukutua.

Jumamosi, 16 Novemba

Mwanajuma amekiosha kikaango mara saba, ya kwanza kwa udongo, kama sheikh alivyoelekeza. Kazi yote ya Spesioza imekwenda na maji. Akaniletea, akasema nikikaushe sasa hivi na kukipaka alizeti, au nimpe yeye akitunze. Nikamwambia amekuwa akikimezea mate tangu zamani. Hapo ndipo akaniambia jambo ambalo sikumwuliza.

"Mama alikiona uani kwako kinanyeshewa," akasema. "Akanikataza nisikuambie, usije ukaona haya. Akanunua hili bati. Chapati zote ulizokula kwake tangu mwaka juzi, zilitoka humu."

Akaondoka na bati lake. Bati la mama.

Nilikaa na kikaango magotini mpaka adhana ya adhuhuri. Hakuna atakayesoma hapa, kwa hiyo naandika: imeniuma. Mama kwenda sokoni na miguu yake ile mibovu, kununua bati, ili mimi nisione haya. Imeniuma sana.

Mafuta nitakipaka kesho.

Jumatatu, 18 Novemba

Jana nilikuwa na mambo mengi. Leo kina vidoa vyekundu, vingi kiasi. Kosa ni la Spesioza, angeuliza mara ya pili. Na mara saba ni nyingi kwa chuma chochote.

Lakini nimewaza mchana kutwa na nimepata jibu. Watu walizisifu chapati za mama mpaka mwisho, na zilitoka kwenye bati. Kumbe siri si kikaango. Siri ni bati! Kesho namfuata Mwanajuma kwa upole, naliazima kwa siku mbili tatu tu.

Mvua imeanza. Kikaango kiko uani, lakini nimeshavua viatu.