Katoni Saba za Kiganjo

Jumanne, 4 Machi

Leo nimesoma Mkataba wa Kudhibiti Tumbaku wote, kurasa zile nilizokuwa nikifunikia chai ofisini. Nchi zaidi ya mia moja na themanini zimekubaliana juu ya sigara, na sisi kwenye ploti hii ya vyumba sita hatujakubaliana juu ya zamu ya kuosha choo. Watu wa visiwa nisivyovijua na watu wa theluji wameweka sahihi kwa ajili ya duka la Mama Wangechi pale Kiganjo. Mwili umenisisimka.

Sasa kazi. Anatafutwa mratibu wa kanda, kusimamia Mkataba kwenye miji yote inayozunguka mlima. Ofisi yake, gari lake. Tunaowania ni wawili: mimi Ngatia, afisa wa afya wa Kiganjo, na Griffins wa meza ya pili, mtu anayepiga pasi hata soksi. Jumatatu anakuja Daktari Sophie, aliyekaa Geneva miaka kumi akikusanya ripoti za Mkataba, kukagua kila mmoja amefikia wapi.

Griffins amemwambia mkubwa wetu kwamba nusu ya maduka ya eneo lake yameacha kuuza sigara. Ati nusu, na anajivunia! Mimi nimesema Kiganjo hakuna duka linalouza hata sigara moja. Nimesema kabla sijafikiri. Mkubwa akaandika.

Alhamisi, 6 Machi

Nimezunguka Kiganjo. Sigara ziko. Maduka saba, zinauzwa mojamoja kando ya peremende. Bango langu la kukataza kuvuta, Moffat kinyozi amezibia nalo dirisha.

Usikate tamaa, Ngatia. Nina mpango. Jumamosi nizikusanye zote, nizifiche, Daktari akague rafu tupu, na Jumatatu jioni nirudishe kila mtu yake. Wenye maduka nimewaambia ni hesabu ya serikali. Mama Wangechi akauliza ni hesabu gani hiyo ambayo lazima mali ilale kwingine. Nikamwambia hesabu za kimataifa ndivyo zilivyo. Mumewe, marehemu Mwai, alivuta mpaka kifua kikamshinda. Sikutaka mazungumzo marefu.

Jumamosi, 8 Machi

Zimekusanywa! Katoni saba. Nimetumia katoni tupu za biskuti, mtu asishuku. Ubavuni nimeandika jina la kila mwenye duka, nikafunika kwa gazeti na gundi. Akili imenishangaza mwenyewe.

Mke wangu Murugi amekataa zisiingie nyumbani. Amesema watoto wanalala humo, na kwamba mpango wangu wa mwisho uliacha sungura kumi na wanane chini ya kitanda. Halafu nikakumbuka stoo ya kanisa. Niko na ufunguo, mimi ndiye mpangaji wa viti. Nimezipanga nyuma ya magunia ya viazi na kabichi, nikapiga magoti dakika moja. Mahali salama kuliko hapo Nyeri nzima hakuna.

Jumapili, 9 Machi

Nilisahau mnada.

Miaka kumi na mitano niko katika kanisa hili. Najua kila Jumapili ya pili ya mwezi mazao ambayo watu wametoa sadaka hutolewa stoo, yakanadiwa baada ya ibada. Viti vya mnada huo navipanga mimi. Na bado nilisahau.

Mzee Kinuthia, dalali wetu, aliuza kabichi, akauza jogoo, halafu akainua katoni. Akatangaza biskuti, katoni saba, na kwamba aliyezitoa hakutaka kujulikana ila Mungu anamjua. Kanisa likampigia makofi mnyenyekevu huyo. Jasho likanitoka mpaka kwenye viatu.

Nikaamua kuzinunua zote. Nikapandisha. Mama mmoja mgeni wa kiti cha tatu akapandisha, akisema ni za watoto wa Sunday school. Nikapandisha tena. Akapandisha. Mchungaji akavua miwani aone vizuri. Murugi akanivuta koti, akaniuliza kwa mdomo uliofungwa nimeanza lini kupenda biskuti hivi. Nikashindwa. Mgeni akaombwa ajitambulishe. Ni Daktari Sophie. Nyanya yake ni wa hapa, amekuja siku moja mapema kusali na watu wa kwao.

Akawaita watoto mbele. Akafungua.

Jogoo peke yake ndiye aliyesema neno. Daktari akatoa pakiti moja, akaitazama, akabandua gazeti ubavuni na kusoma kwa sauti mwandiko wangu: Wangechi, irudishwe Jumatatu jioni, N.

Hapo Mama Wangechi akasimama. Polepole, maana magoti yanamsumbua. Akasema katoni ni yake na sigara ni zake. Akasema jana rafu ilipobaki tupu aliona picha ya Mwai yote, kwa mara ya kwanza tangu walizike lile sanduku lake. Ilikuwa ukutani siku zote, ila pakiti zilikuwa zinamfunika mpaka kidevuni. Alikaa na yeye jioni nzima. Hataki zirudi.

Akaketi. Wawili wengine wakasimama wakasema hata zao zisirudi. Wanne wakasema wao wanazitaka, na mmoja akaomba apewe sasa hivi. Lakini watatu! Bila faini, bila bango. Mkataba nimeusoma mara mbili, sikujua unaweza kusimama kanisani na kitambaa kichwani. Nimestaajabu, na macho yalinilowa, sitaficha.

Ndipo Daktari akauliza N ni nani. Nikaanza kukagua mbao za paa. Kanisa lote likageuka kunitazama mimi.

Jumatatu, 10 Machi

Daktari hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alieleza kwamba nambari ninayoandika mimi Kiganjo inapanda Nairobi, inavuka bahari, inaingia kwenye ripoti ya dunia, na mtu wa mbali akiona hapa hakuna sigara hatatuma daktari wa kuwasaidia wanaotaka kuacha. Mwai angetaka kuacha, ndivyo Mama Wangechi alivyomwambia. Sikujua mdomo wangu unafika mbali hivyo. Nimeogopa kweli.

Kazi amepewa Griffins. Nusu yake ni nusu kweli, alimtembeza duka kwa duka. Amenisalimia kwa mikono miwili, jambo baya kuliko tusi. Mimi nahamishiwa Doldol, nianze upya. Daktari amenishauri nihesabu kilichoko, basi. Nimeapa mbele yake, na niliapa kwa moyo wangu wote.

Jumatano, 12 Machi

Doldol. Mlima nauona kwa upande ambao sijawahi kuuona, na nimesimama kwenye vumbi la soko la mifugo mdomo wazi. Dunia ni kubwa, na Mkataba umefika hata huku, umeletwa na mimi.

Nimeshafikiria kazi kubwa ya kwanza: wazee wakubali soko hili lisiwe na tumbaku kabisa. Nimeuliza wafanyabiashara wa mbuzi jinsi ya kuwaendea. Wote wamesema kitu kimoja. Kwa wazee wa hapa mgeni haendi mikono mitupu. Kwanza anaweka tumbaku chini, wanaonja, ndipo wanamsikiliza.

Basi nimenunua ugoro ulio safi kabisa, mikebe kumi na miwili, wanisikilize vizuri nikiwaeleza ubaya wake. Griffins atapita Ijumaa kukagua, na asije akaelewa vibaya. Nimeipanga kwenye katoni ya biskuti. Ubavuni nimeandika jina langu.