Linatetemeka Likifika Sitini

Jumamosi, 1 Novemba

Nimeliona gari. Jekundu. Milango miwili. Liko nyuma ya nyumba ya Mureithi kule Makongeni, chini ya turubai, kama bibi harusi anayesubiri kufunuliwa. La michezo! Lilitengenezwa kabla binti yangu Shirleen hajazaliwa, lakini limejitunza, kama mimi. Taa za mbele hulala ndani ya boneti, na ukibonyeza swichi zinafumbuka. Moja inafumbuka. Nyingine inakonyeza.

Ijumaa Shirleen wangu anafuzu. Diploma ya ufundi wa magari. Msichana peke yake kati ya wavulana thelathini na mmoja, na amewashinda wote. Siwaambii watu ovyo. Nimewaambia wateja wangu tu, na wanaopita mbele ya kibanda changu hapa soko la Jericho, na mchungaji.

Mwaka jana jirani yangu Millicent alimpeleka mwanawe Bwire kwenye mahafali kwa gari la kukodi lenye riboni. Riboni! Anazitaja mpaka leo. Nimechoka. Shirleen atashuka kwa gari lake mwenyewe, na asijue mpaka siku hiyo.

Mureithi hataki pesa. Anataka kiploti changu cha Joska, tubadilishane. Shirleen husema siku moja atajenga gereji pale. Kwa sasa kuna nyasi na mbuzi wa watu. Nyasi kwa gari la michezo! Mureithi ni mzee wa kanisa, lakini naona hesabu zilimpita.

Jambo dogo tu. Alitaja haraka haraka, akitazama kando, kwamba gari likikimbia "linachangamka kidogo".

Jumapili, 2 Novemba

Tumelijaribu. Mureithi alitaka jana saa kumi na moja jioni. Nikakataa. Saa hiyo Jogoo Road imejaa, hata gari lenye magurudumu matatu huwezi kulijua. Nikamwambia leo alfajiri, kabla ya ibada. Mtu hashoni nguo miaka ishirini na sita akabaki mjinga.

Mimi siendeshi. Nilikaa kando yake na kikombe cha uji mkononi, kiwe kipimo. Kilomita thelathini kwa saa: uji umetulia. Hamsini: uji umekunja uso. Sitini: uji wote kwenye kitenge changu cha kanisani.

Nikabaki bila kipimo, basi nikaimba. Sauti ikatoka vipande vipande, ha-a-a-a-a, kama mwimbaji mkubwa. Akapunguza hadi arobaini: sauti moja. Sitini tena: vipande. Kwa hiyo ni sitini.

Mureithi akasema gari la michezo lazima litetemeke, ni hamu ya kukimbia. Nikamuuliza mbona basi yeye ameshikilia usukani kama mtu anayepeleka nyumbani mbuzi wa Krismasi. Akasema huo ndio mchezo wenyewe.

Kwaya wameniuliza kitenge kimepatwa na nini. Nimewaambia ni mtindo.

Jumatatu, 3 Novemba

Nimepata dawa. Cherehani ikitetemeka, unakunja kipande cha boksi unaweka chini ya mguu. Nimeponya cherehani za soko zima hivyo. Nikafunga kibanda saa ya chakula, nikaenda Makongeni na boksi la sabuni.

Gari lina miguu minne. Vipande vinne. Mureithi akaliwasha. Limetulia tuli! Akanipigia makofi.

Kisha akaliendesha, na vipande vikabaki chini.

Hilo sikuwa nimelifikiria.

Jumatano, 5 Novemba

Mtu wa pekee ninayemjua anayejua magari ni Shirleen. Mtu wa pekee asiyepaswa kujua kuhusu gari hili ni Shirleen. Nimeumia kichwa siku mbili.

Leo tukinywa chai nikamuuliza kwa ujanja. Nikasema kuna mteja wangu ana cherehani, na ikifika sitini inatetemeka.

Akauliza sitini gani. Nikasema sitini tu.

Akauliza mteja anausikia mtetemo mikononi au kwenye kiti. Nikasema kote, hata kwenye mkanda wa usalama. Akanitazama sana. Akauliza kama unazidi akipiga breki. Nikasema hauzidi. Na ikiwa imesimama? Imetulia. Akamega mandazi, akasema, "Mum, mwambie huyo mteja asiogope. Hiyo ni balansi tu."

Balansi!

Kila kitu kikawa wazi. Simu ya Millicent ni ile ya kulipa polepole. Akichelewesha balansi, deni lililobaki, inajifunga yenyewe, anabaki ameshika kioo. Sola ya dada yangu kule Murang'a vivyo hivyo, inazima mpaka alipe. Kumbe na magari! Likiwa na balansi, wenyewe wanaliamuru litetemeke kuanzia sitini, ili usilitoroshe. Mureithi hajamaliza kulilipia. Na anataka kiploti changu!

Msichana ameyajua haya yote akiwa ameketi, mandazi mkononi. Diploma si mchezo.

Alhamisi, 6 Novemba

Siku ya kutia sahihi. Nilikuwa nimemwalika Millicent tangu Jumamosi awe shahidi, ili alione gari kwa macho yake. Sikumwambia asije. Shahidi ni shahidi.

Mureithi ametandaza karatasi mezani, kalamu mbili, soda tatu. Nikasimama. Nikasema, "Mzee Mureithi, hiyo gari inatetemeka juu ya balansi. Na wewe unajua."

Soda ikampalia. Akauliza nani ameniambia. Nikasema Shirleen. Akasema Shirleen hajawahi kuliona hilo gari. Nikamwambia hakuhitaji kuliona, alisikia dalili tu.

Akaketi. Akakiri yote. Gari ni la shemeji yake, Thuo wa Nakuru. Mureithi amelipa nusu. Logibuku, kile cheti cha mwenye gari, iko kwa Thuo. Na Thuo amesema asipoona balansi yake kufikia Jumatatu, anakuja kulichukua gari, hata liwe limeegeshwa kwa nani. Lingekuwa limeegeshwa kwangu! Kiploti kimeenda, gari limeenda.

Millicent akanywa soda yake, kisha akanywa na yangu. Baadaye njiani akaniuliza kwa sauti ndogo kama simu nayo inaweza kuanza kutetemeka. Nikamwambia alipe kwanza.

Nyumbani nikamweleza Shirleen kila kitu. Siri ya nini tena? Akacheka mpaka akashika meza. Eti balansi ni ya magurudumu. Eti kuna vipande vidogo vya madini ya risasi hugongwa kwenye ringi ili gurudumu lizunguke sawasawa, na bila shaka vimedondoka. Fundi wa matairi angemaliza kazi kabla chai haijapoa. Nikamwacha aongee. Bado ni mtoto. Nani alimkamata Mureithi? Risasi?

Kisha akaacha kucheka. Akauliza kama kweli nilikuwa nitoe kiploti cha Joska. Nikasema ni kwa ajili yake, ashuke kwenye mahafali kama mtu.

Akatoa daftari lake. Amechora gereji. Mlango mpana, shimo la kukagulia magari kutoka chini, na kando yake kibanda kidogo chenye cherehani. Juu ameandika kwa herufi kubwa: WANGU NA BINTI.

Wangu ni mimi, ndilo jina langu.

Nikaenda jikoni kukata vitunguu. Hatukuwa na vitunguu.

Ijumaa, 7 Novemba

Amefuzu! Jina lake lilipotajwa nilipiga vigelegele mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama niko salama. Nikamwambia yule pale ni wangu. Akasema amesikia.

Tulifika kwa gari la Bwire la kusambaza mikate. Alikuja mwenyewe saa moja asubuhi, akasema, "Mathe, ingieni, leo mikate itangoja." Millicent alikuwa tayari ameketi mbele, na alikuwa amefunga riboni. Zile zile za mwaka jana. Shirleen alishuka na joho jeusi akinukia mkate wa moto, na kila mtu akageuka. Nimewaambia watu Bwire ni dereva wangu.

Gari lake linatetemeka kidogo, hamsini hivi. Nimemshauri Millicent amuulize mwanawe kwa upole kuhusu balansi.

Jumapili, 9 Novemba

Nimelitazama lile daftari tena. Gereji nzuri. Lakini ndani hajachora gari hata moja. Gereji bila gari ni kibanda tu! Mteja ataanzaje kuamini?

Mungu si Athumani. Leo baada ya ibada nimeongea na Kivuva, yule auzaye mitumba Muthurwa. Ana gari la michezo. La bluu, milango miwili, na taa zote mbili zinafumbuka, ameniapia. Sikukimbilia. Nimejifunza. Nilianza na balansi. Hana. Nikataka logibuku. Anayo, jina lake, nimeisoma mara mbili. Anataka kiploti cha Joska tu.

Kisha mtetemo. Nimeweka kikombe cha uji juu ya boneti dakika tano nzima. Hakikutikisika hata kidogo. Nikaingia ndani nikaimba ubeti wote. Sauti moja, laini kama hariri. Maishani mwangu sijaona gari lililotulia hivyo.

Shirleen asijue. Tunatia sahihi Jumanne.

Injini iko kwa fundi tangu Pasaka. Kivuva anasema italetwa.