Mgeni wa Majaribio

Enzi zile za ruksa, biashara ilipoachiwa huru, kila mwenye chumba cha ziada Kariakoo aligeuka mwenye gesti. Wazambia walimiminika kununua vitenge, na hata stoo za mkaa zilitandikwa magodoro. Hafidhi hakuwa na chumba cha ziada. Hata cha kwanza hakuwa nacho, maana asubuhi ya Jumanne hiyo mwenye nyumba wake wa Buguruni alikuwa amemtupia virago nje.

Akiwa anazurura Mtaa wa Swahili, akamsikia bwana afya akifoka mlangoni kwa Bi Paskalina.

"Mama, unalaza wageni na choo kimejaa! Ijumaa nikirudi sijaona shimo jipya, nafunga nyumba!"

Bwana afya akaenda zake. Hafidhi akakaza tai, akafuta vumbi kwenye mkoba uliokuwa na gazeti la juzi na embe moja, akabisha hodi.

"Shikamoo mama. Mimi ni mshauri wa kanuni za kulaza wageni."

"Marahaba, baba. Unatoka serikalini?"

"Karibu na serikalini," akajibu, na hapo hakusema uongo, kwani wizara zilikuwa palepale Kivukoni, mwendo wa mguu.

Bi Paskalina alikuwa na hofu ya kweli. Tangu awe mjane, vyumba vyake vinne ndivyo vilivyomlisha. Akamvutia mshauri kiti.

"Hebu nieleze, kanuni zinasemaje?"

Kanuni zikamwagika. Nyumba ya wageni lazima kwanza ipate Mgeni wa Majaribio, yaani mtaalamu anayelala bure siku mbili, anajaribu godoro na kuonja kuku.

"Na asubuhi chai?"

"Na chapati. Hiyo ni kanuni ndogo."

"Je, nikipata mgeni mkorofi, hataki kulipa?"

Tapeli aliyeiva humpa mtu kile anachokitamani. "Unashika nguo zake, mama, mpaka atimize unachotaka. Hata suruali."

"Hata suruali!" Bi Paskalina akarudia taratibu, kama anayekariri sala. "Na choo?"

"Choo kitu gani? Bwana afya niachie mimi."

Basi Hafidhi akala kuku mpaka akaanza kulalamikia chumvi. Godoro alilitilia shaka, akalijaribu tena mchana. Mama naye akasisitiza kumfulia suti, maana haipendezi mtu mzito kutembea na jasho.

Alhamisi asubuhi mtu mzito akatoka uani amejifunga kanga ya mama iliyoandikwa ULIDHANI UTANI.

"Mama, suti imekauka?"

Bi Paskalina alikuwa amesimama na jembe mkononi.

"Mgeni siku mbili, mwanangu. Ya tatu mpe jembe."

"Aa, mama, huo si msemo tu?"

"Jembe ni msemo. Suruali ni kanuni."

Hafidhi akapima mambo. Kusema kanuni ni za uongo ni kujitangaza tapeli katikati ya Kariakoo, tena ndani ya kanga, na wananchi wenye hasira hawana kanuni hata moja. Akashika mpini.

Ni mchanga wa Kariakoo tu uliomhurumia, kwa ulaini wake. Wazambia waliopanga humo walileta viti wakamshangilia. Jua lilipozama, kilichoonekana shimoni ni utosi.

Ijumaa bwana afya akachungulia, akaridhika, akanywa chai. Hafidhi akarudishiwa suti, imepigwa pasi vizuri sana, akaondoka ameshika kiuno. Pale kona akaitwa na Manubhai, mwuza vifaa vya ujenzi.

"Bwana mshauri! Na mimi nina vyumba huko juu, nataka kulaza wageni. Kanuni zinasemaje?"

Kiuno kikapona hapo hapo. Hafidhi akakaza tai. "Mzee wangu, kwanza anatakiwa Mgeni wa Majaribio..."

"Najua, najua. Bi Paskalina amenieleza yote." Manubhai akainama chini ya kaunta, akaibuka na jembe jipya. "Hili ni pacha wa lile alilonunua kwangu Jumanne, akaniambia ana haraka, ana kuku wa mgeni jikoni."